Ndinga Inazima na Inabugia Mafuta? Cheki Hizi Kabla Fundi Amalize Doh Yako

Uko kwa laini ya feri Likoni, jua la saa nane linachoma. Ukiachilia mafuta gari inatetemeka, halafu kimya. Nyuma yako matatu zinapiga honi kama harusi. Na jana tu uliweka mafuta ya thao mbili, leo geji iko chini. Kama unaendesha Toyota 110, NZE, Probox ama Nissan B15, hii stori unaijua.

Injini inataka vitu tatu: hewa, mafuta na moto wa plagi. Kuzima na kubugia vikikuja pamoja, mara nyingi kimoja hapo kimeharibika. Kwa hivyo usikubali fundi abadilishe spea kwa kubahatisha. Kwanza jiulize swali moja.

Inazima lini?

*Ukisimama kwa jam ama ukiwasha AC:* Cheki throto, huwa inajaa masizi. Valvu inayopitisha hewa injini ikiwa imetulia pia hukwama. Osha kwanza, kununua baadaye. Ukisikia mlio wa "sss" kwa boneti, kuna mpira wa hewa umepasuka.

*Asubuhi injini ikiwa baridi:* Valvu hiyo hiyo, ama sensa ya joto la maji inadanganya kompyuta.

*Ikishika moto, halafu inawaka tena ikipoa:* Shuku sensa ya krenki, koili ama pampu ya mafuta.

*Ukipanda daraja la Nyali na mzigo:* Mafuta hayafiki ya kutosha. Anza na filta, kisha pampu.

*Ghafla, na taa za dashibodi zinapotea:* Hiyo ni umeme. Huku pwani hewa ya chumvi inakula vyuma, so cheki vichwa vya betri na waya wa arthi. Kusugua tu kunaweza kumaliza shida.

Toa plagi, zitakwambia ukweli

Kahawia nyepesi ni poa. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanaingia mengi. Imelowa oili, injini inakula oili. Nyeupe kabisa, mafuta ni kidogo ama injini inachemka.

Taa ya injini ikiwaka

Pimisha na mashine. P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta, P0300 ni moto unaruka kwa silinda, P0505 ni shida ya kutulia. Lakini kodi inakuonyesha mtaa, sio nyumba. P0171 haimaanishi ununue sensa ya oksijeni mbio mbio, inaweza kuwa ule mpira umepasuka.

Haizimi, inabugia tu?

Usikisie, pima. Jaza tangi, andika kilomita, endesha wiki moja, jaza tena. Kilomita 240 kwa lita 30 ni 8 kwa lita. Rudia baada ya kila marekebisho, ndio ujue kama umesaidika ama umeliwa.

Kisha cheki filta ya hewa, upepo wa tairi, na breki zinazoshika. Baada ya safari, gusa karibu na rimu kwa uangalifu: ikiwa moja ina moto kuliko wenzake, breki hapo inashika.

Halafu kuna hii: fundi akikwambia "Mombasa ni joto, wacha tutoe themostati," kataa. Ikitolewa, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga mafuta. Kama gari inachemka, tafuta chanzo: rejeta, feni, pampu ya maji ama maji kuvuja.

Usichukulie poa

Injini ikizima ukiwa kwa mwendo, breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja ama mbili, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu na usukani mzito. Usipampu. Kanyaga moja, imara, mpaka isimame, kisha vuta handbreki. Kwa mteremko wa kuingia feri hiyo ndio tofauti. Ndinga inayozima ovyo usiipeleke kwa feri kabla itengenezwe, hata kama abiria anapiga simu kila dakika.

Enda kwa fundi wako Changamwe ama Kisauni ukiwa na majibu: inazima lini, plagi ziko rangi gani, kilomita ngapi kwa lita. Na spea ya zamani akitoa, mwambie akupatie mkononi.