Mavumbi na Pumzi: Mtu Mzima katika Mwanzo 2:7

Katika mahubiri ya mazishi, Kanazi na kwingineko wilayani Ngara kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, si ajabu kusikia kwamba aliyelala jenezani siye marehemu, ni ganda tu aliloliacha. Maneno hayo huwafariji wafiwa, na faraja ya mfiwa haichezewi. Hata hivyo, nashikilia kuwa masimulizi ya uumbaji hayayaungi mkono. Katika Mwanzo 2:7 Mungu anamfinyanga mtu kwa mavumbi, anampulizia puani pumzi ya uhai, na mtu anakuwa hai. Mpangilio huo una uzito. Kinachofinyangwa kinaitwa mtu kabla pumzi haijaingia. Hatuambiwi kwamba kilifinyangwa chombo, kisha mtu akaja kukaa ndani yake. Pumzi nayo haina jina wala maisha yake yenyewe kabla ya kupulizwa. Kiebrania kinamwita mtu huyo nefesh haya, yaani nafsi hai, na maneno hayo hayo yanatumika kwa viumbe wa majini katika 1:20 na kwa wanyama katika 2:19, kwa hiyo kinachomtenga mtu na ng'ombe si kuwa na nafsi. Tofauti iko kwingine: ameumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke, amekabidhiwa bustani ailime na kuitunza, anaamriwa na anawajibika. Yote hayo hayafanyiki pasipo mikono, macho na masikio. Tena hukumu ya 3:19 inapotamkwa, anayeambiwa kuwa ni mavumbi ni mtu mwenyewe.

Wazo la mwili kuwa gereza la roho lina makao yake kwa Plato, katika Faidoni, kuliko katika Torati. Kanisa liliazima mengi kwa Wagiriki, lakini hata hapo liliweka mpaka: Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba nafsi yenye akili ndiyo umbo la mwili wa mtu, wala si mgeni ndani yake. Huku kwetu, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Katoke, upande wa Tanzania, katika miaka ya 1930, ulihimiza sana wokovu wa roho. Ingekuwa dhuluma kuwashutumu walokole, yaani watu wa uamsho huo, kwamba waliudharau mwili. Walijulikana kwa kurudisha walichoiba na kupatana na waliowakosea, na makanisa ya eneo hili, Waanglikana kule Murgwanza na Wakatoliki kule Rulenge, yalijenga hospitali. Matendo yalikuwa na teolojia pana kuliko mahubiri.

Pingamizi zipo, na moja ni nzito. Mhubiri 12:7, panaposemwa roho humrudia Mungu, hapanisumbui: ni Mwanzo 2:7 ikirudi kinyumenyume, na Mhubiri huyo huyo, katika 3:19, anasema mtu na mnyama wana pumzi moja. Mathayo 10:28 ndiyo ngumu, kwani Yesu anatenganisha mwili unaoweza kuuawa na nafsi isiyoweza kuuawa na binadamu. Nakubali kwamba Agano Jipya linaruhusu kusema marehemu yuko na Bwana kabla ya ufufuo. Lakini katika 2 Wakorintho 5:4 Paulo anasema wazi kuwa hatamani kuvuliwa. Anatamani kuvikwa zaidi. Kukaa bila mwili, kwake, ni upungufu unaosubiri kujazwa. Atakayesema kuwa mababu zetu nao waliamini mizimu, hivyo mgawanyo huu si wa Kigiriki pekee, amesema kweli, ila atazame mizimu hiyo ilivyofikiriwa: ilihitaji kutambikiwa, kukumbukwa, kupewa pombe. Hakuna aliyeiona kuwa imefunguliwa kutoka kifungoni. Katika hilo mzee wa Bugufi, huku kwetu Ngara, alikuwa karibu na Paulo kuliko Plato.

Suala hili si la darasani tu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kupiga kambi Benaco, Ngara. Chini ya daraja hilo, mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka Ziwa Victoria. Kasensero, upande wa Uganda, watu waliziopoa maiti hizo majini na kuzizika bila kujua jina hata la mmoja. Kama mwili ni ganda tu, kazi ile ilikuwa ya usafi wa ziwa, na wauaji walikuwa wametupa maganda mtoni. Hakuna mhubiri atakayethubutu kusema hivyo. Basi asiseme hivyo Kanazi pia, mbele ya jeneza la mtu aliyekufa kitandani kwake akiwa na jamaa zake. Awape wafiwa ahadi ya ufufuo wa mwili, ambayo Kanisa limeiungama katika Imani ya Mitume kwa karne nyingi.