Mwami Mwenda: cheo cha kombe, medali na karatasi

Cheo cha Mwami Mwenda, mtawala wa Wayeke, ambacho wao hukienzi Bunkeya, katika Katanga ya Kongo, kila tarehe 20 Desemba, hakikuzaliwa huko. Kilitoka Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, kikiandamana na misafara iliyofuata mukuba, yaani shaba ya nchi ya Wasanga. Kambove ni miongoni mwa mahali ambapo wenyeji walichimba na kuyeyusha shaba hiyo zamani, kabla ya Mzungu yeyote kufika. Kalasa, mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka Unyamwezi, aliijua njia hiyo. Mwanawe Ngelengwa aliifuata mnamo 1856, akabaki, na dunia ikamjua kwa jina la Msiri.

Alama ya utawala wakati huo ilikuwa omande, kipande cha mviringo cha kombe la bahari, kilichobebwa kutoka pwani kwa mwendo wa miezi. Masimulizi yanasema kwamba mtawala mzee wa Wasanga, aliyesaidiwa na Msiri dhidi ya Waluba, alimkabidhi omande yake kabla ya kufa. Wasanga wengi hawakukubali kwamba kombe moja liliuza nchi yao. Kufikia 1891 walikuwa wameasi.

Kurithi cheo hiki hakufanani na ulodi wa kurithi wa Uingereza, ambao ulitolewa na mfalme kwa hati, na kwa kawaida mwana wa kwanza wa kiume ndiye huurithi. Kwa Wayeke damu ni ya lazima, lakini haitoshi: wakubwa wa ukoo huteua, na mara nyingi ndugu amemfuata ndugu.

Desemba 1891 msafara wa William Stairs ulifika Bunkeya kwa niaba ya Leopold II wa Ubelgiji. Wabeba bunduki wake wengi waliajiriwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili kilisikika msafarani. Stairs alimtaka Msiri apandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo, koloni la Leopold, naye akakataa. Tarehe 19 Stairs aliipandisha mwenyewe kilimani, na usiku Msiri akahamia Munema, kijiji chenye boma karibu na hapo. Kesho yake walitumwa kapteni Omer Bodson na Christian de Bonchamps, Mfaransa aliyekuwa mwenyewe markizi kwa kurithi. Bodson aliingia bomani na watu wachache, na maneno yalipochemka akampiga Msiri risasi. Masuka, kijana wa nyumba ya Mwami, akampiga Bodson, naye akafa. Wayeke wanasema kichwa cha Mwami kilikatwa na hakikurudi, mwili ukazikwa bila hicho. Kukitafuta kichwa hicho ni wajibu wa serikali. Si haki mzigo huo kuachiwa ukoo peke yake.

Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, alikubali bendera na kupewa nafasi ya baba yake, ila nchi ilikuwa imepunguzwa. Kuanzia hapo utawala wa kikoloni ndio uliomtambua chifu, ukimvisha medali. Amri ya 1910 iliimarisha mpango huo wa machifu. Mwaka huohuo Kitanika, mwana mwingine wa Msiri, akashika kiti. Reli ilifika Kambove 1913, na shaba ikaenda kwa kampuni ya Union Minière bila Mwami kuulizwa.

Antoine Munongo, Mwami kuanzia 1956, aliandika historia ya Wayeke na kuichapisha mwaka 1967. Bila kitabu hicho mengi ya hapa yangebaki midomoni mwa wazee. Ndugu yake Godefroid, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, alimrithi 1976 na kufariki Kinshasa tarehe 28 Mei 1992, wakati wa Mkutano Mkuu wa Taifa uliojadili mustakabali wa nchi.

Baadaye Katiba ya Kongo ya 2006 ilitambua mamlaka ya kimila, na sheria ya Agosti 2015 ikaweka hadhi ya machifu. Leo jina la chifu hupitia karatasi za serikali, lakini huko Bunkeya anayetajwa kwanza bado ni Msiri.