Undugu wa Nafaka na Msako wa Ukinzani

Shamba la mahindi Handeni na jaruba la mpunga Mombo, wilayani Korogwe, havifanani kwa macho, lakini mimea yake ni ya ukoo mmoja wa nyasi, pamoja na mtama, ngano na shayiri. Hoja ya makala haya ni kwamba undugu wa mimea ni dawa ya zamani mkoani Tanga, na sayansi ya jeni imeipa macho tu. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, H. H. Storey na wenzake waliusaka ukinzani dhidi ya batobato ya muhogo kwa kuuzalisha muhogo na nduguye wa porini atoaye mpira. Baadhi ya uzao huo ulifika Nigeria, ukawa msingi wa aina nyingi zilizostahimili ugonjwa. Ila kazi ilikuwa ya kubahatisha: walimjua ndugu mwenye kinga, hawakujua kinga imekaa wapi.

Ramani ilikuja baadaye. Mwaka 1995, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, Graham Moore, Katrien Devos na Mike Gale walizipanga jenomu za nafaka, yaani jumla ya vinasaba vyake, katika duara moja, wakaonyesha kwamba jeni nyingi zimebaki katika mpangilio unaofanana licha ya mamilioni ya miaka ya kutengana. Mpunga ukawa kielelezo, kwa kuwa jenomu yake ni ndogo kuliko ya mahindi, na ndogo zaidi kuliko ya ngano. Faida ilionekana muongo mmoja baadaye. Mwaka 2005 ilibainika kwamba baadhi ya shayiri hujikinga dhidi ya virusi fulani kwa badiliko dogo katika jeni ambayo virusi huitegemea kutengeneza protini zao. Mwaka 2006 jeni nyingine inayohusika na utengenezaji huo wa protini ilitajwa kuwa ndiyo inayoukinga mpunga dhidi ya kimyanga, ugonjwa wa virusi ulioripotiwa kwanza Kenya mwaka 1966.

Wapo watakaosema jeni za ukinzani hubadilika na kuhama upesi, hivyo ramani ya ndugu hupotosha. Ni kweli kwa nyingi; ramani huonyesha mtaa, haionyeshi mlango. Lakini kupekua mtaa mmoja ni nafuu kuliko kupekua mji mzima. Wengine watasema virusi hujifunza kuivunja kinga, na vya kimyanga vimeshafanya hivyo. Hiyo ni sababu ya kutafuta kinga ya pili na ya tatu, si ya kuacha. Pingamizi zito zaidi ni la mkulima: ramani hailiwi. Jibu limo katika kinga ya kimyanga yenyewe, kwani ilipatikana ndani ya Gigante, mpunga wa Msumbiji, na ndani ya mpunga wa asili wa Afrika. Ramani hulinganisha kilichopo tu. Basi Handeni na Korogwe zikusanye na kuhifadhi mbegu zake za kienyeji leo, kwa maana mbegu iliyopotea haina jenomu ya kusomwa.