Kutoka Jukwaa la Paris Hadi Tundu la Sikio

Mwaka 1881 wakazi wa Paris walikuwa wakipanga foleni usiku kwenye jengo la Palais de l'Industrie, kulikokuwa na maonyesho ya kimataifa ya umeme. Mashine zilikuwa tele humo ndani, lakini foleni ile ilielekea kwenye vyumba vilivyotandikwa mazulia, ambamo mtu aliweza kusikiliza opera iliyokuwa ikiimbwa wakati huohuo katika jumba jingine, kiasi cha kilomita 2 kutoka hapo. Mhandisi Clément Ader alikuwa amepanga maikrofoni za kaboni mbele ya jukwaa la Opera, nyingine kushoto, nyingine kulia. Kila moja aliiweka juu ya kitako cha risasi chenye miguu ya mpira, ili vishindo vya wachezaji visiivuruge. Nyaya zilipita kwenye mitaro ya majitaka chini ya jiji. Msikilizaji alipewa vipokezi viwili vya simu, akaweka kimoja sikio hili na kimoja sikio lile.

Mwimbaji akivuka jukwaa, sauti nayo ilivuka. Watu waliozoea simu, ambayo sauti yake haina kushoto wala kulia, walijikuta wanajua nani amesimama wapi bila kumwona. Victor Hugo, mzee wa miaka 79, alisikiliza mwezi Novemba mwaka huo akiwa na wajukuu zake.

Nairudia habari hii kwa sababu wengi wanaoniuliza wanunue maikrofoni gani ndogo ya kurekodia wakiwa safarini huanza na bei na jina la kiwanda. Mimi huwaambia waanze na kichwa chao. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto, na tofauti hiyo haifiki hata elfu moja ya sekunde, kwa kuwa kati ya sikio na sikio pana kama sentimita 18 tu. Tena hufika sikio la kushoto ikiwa imefifia, maana kichwa chenyewe kimeizuia. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza jambo hili mwaka 1907: kwa sauti nzito ubongo hupima kuchelewa, kwa sauti nyembamba hupima kivuli cha kichwa. Ongeza mikunjo ya sikio la nje, inayoibadilisha sauti kidogo kulingana na inapotoka, juu au chini, mbele au nyuma. Maikrofoni zikiwekwa mahali pa masikio, kisha rekodi ikasikilizwa kwa hedifoni, hesabu yote hiyo hubaki salama.

Tatizo kwa miaka mingi lilikuwa ukubwa. Mwaka 1933, kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago, maabara za Bell zilileta sanamu ya mtu iliyoitwa Oscar. Aliketi peke yake, na wageni wakavaa hedifoni kusikia alichokuwa akisikia yeye. Lakini maikrofoni za Oscar hazikuenea masikioni mwake. Zilifungwa mashavuni, mbele kidogo ya masikio, kwa sababu hazikuwako ndogo zaidi zenye ubora uliotakiwa. Huko Uingereza, mhandisi Alan Blumlein wa kampuni ya EMI alikuwa ameshaandikisha hataza yake mwaka 1931. Yeye aliitafuta sauti ya masikio mawili kupitia spika za ukumbini, na njia hiyo ndiyo iliyozaa stirio tunayoijua redioni na kwenye santuri. Ya hedifoni ikabaki kazi ya watafiti.

Aliyefungua mlango ni kijana wa Virginia, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1931 na kukulia katika ubaguzi wa rangi. James West amesimulia mara nyingi jinsi alivyotengeneza redio mbovu akiwa mtoto, akapanda juu ya chuma cha kitanda kuchomeka plagi kwenye tundu la umeme la darini, akanaswa na umeme hapohapo mpaka kaka yake alipomsukuma akaanguka. Badala ya kuuogopa umeme, akataka kujua ni kitu gani kilichomshika vile. Wazazi wake walihofu kuwa fizikia haitamlisha mtu mweusi, na baba yake akamwonyesha weusi wenye shahada kubwa waliokosa kazi za elimu yao. Hakubadili nia.

Mwaka 1962, akiwa na mwenzake Mjerumani Gerhard Sessler katika maabara zilezile za Bell, West alitengeneza maikrofoni ya elektreti ya utando mwembamba wa plastiki, unaotiwa chaji ya umeme mara moja na kukaa nayo miaka na miaka. Maikrofoni bora za studio zilihitaji umeme mwingi kutoka nje ili utando wao upate chaji. Hii ilikuja na chaji yake, ikabaki kuhitaji umeme kidogo tu wa kukiendesha kikuza sauti kilichomo ndani. Bei ikashuka, na umbo likapungua hadi kufikia ukubwa wa punje ya hindi. Sifahamu uvumbuzi uliofanya kazi kubwa namna hii huku jina la mwenyewe likijulikana na watu wachache hivi.

Vichwa bandia navyo vikarudi. Mwaka 1973 kampuni ya Neumann ilionyesha Berlin kichwa bandia chake, KU 80, na redio za Ujerumani zikarusha mchezo wa kwanza uliorekodiwa kwa kichwa hicho. Wasikilizaji walishangaa, ingawa wengi walilalamika kuwa sauti za mbele zilisikika kana kwamba zinatoka nyuma. Mwaka uliofuata Sennheiser ikatoa MKE 2002, tunda la elektreti, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ilifanana na kifaa anachovaa daktari shingoni kusikilizia mapigo ya moyo, maikrofoni moja kila sikio. Uliweza kuivika kwenye kichwa cha mpira kilichouzwa pamoja nayo, au ukaivaa mwenyewe ukatoka nayo mtaani. Miaka 41 baada ya Oscar, maikrofoni zilikuwa zimetoka mashavuni.

Kaseti za mfukoni zikafuata, kisha MiniDisc mwaka 1992, kisha vinasa sauti vya kadi. Mafundi wa nyumbani wakanunua vidonge vya elektreti kimoja kimoja na kuvichomelea waya. Panasonic WM-61A, chenye kipenyo cha milimita 6, kilipendwa mno kwa sababu kilijificha sikioni kama pamba. Hapo ndipo uchaguzi ulipo mpaka leo. Kila maikrofoni ina mvumo wake yenyewe hata pakiwa kimya, na kwa kawaida kidonge kidogo huvuma zaidi. Primo EM172, chenye milimita 10, kina mvumo mdogo zaidi kwa mbali, ila kinajitokeza sikioni. Anayerekodi sokoni au ngomani achukue kidogo. Anayetaka ndege wa alfajiri shambani avumilie kikubwa, la sivyo atarudi na mvumo.

Vyote viwili viwe vya kusikia pande zote, maana kazi ya kuchagua upande ni ya kichwa. Hakikisha pia kinasa sauti chako kinatoa volti 2 au 3 kwenye tundu la maikrofoni, au beba kiboksi cha betri. Usitegemee tundu la simu: nyingi hupokea maikrofoni kwa njia moja tu, na sikio moja litapotea.

Kuna jambo huniuma. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, na tunamshukuru Mungu kwamba zipo. Lakini sauti ile imenaswa kwa njia moja, yote imesimama mahali pamoja. Hatutajua mpiga udi alikaa upande gani wake.

Mara ya kwanza mimi kuvaa maikrofoni hizi ilikuwa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi. Nusu ya rekodi niliiharibu mwenyewe: waya ulisugua kola ya shati kila nilipopumua, na upepo wa bahari ukanguruma kwa sababu sikuwa nimevalisha sponji. Tena niligeuza shingo kila nilipoitwa, na soko zima likageuka pamoja nami. Siku ya pili nilibandika waya kwa plasta nyuma ya sikio, nikasimama kama mtu aliyefiwa, nikaacha mnada uje kwangu. Dalali akataja bei kushoto, mnunuzi akajibu nyuma yangu, honi ya pantoni ikalia mbali kulia, kisha mchukuzi akaja na mkokoteni akipiga kelele, "Pisha! Pisha!"

Niliipeleka kwa mama Dodoma. Alikaanga na kuuza samaki pale Feri miaka mingi kabla macho hayajamzuia. Nilimvalisha hedifoni akiwa amekaa barazani kwenye mkeka, amenyoosha miguu. Hakusema kitu. Mkokoteni ulipofika, alikunja miguu upesi kuupisha.