Chai Nyekundu ya Cederberg: Wenyewe ni Nani?



Miaka kadhaa iliyopita bi mkubwa wangu alikuja kunitembelea hapa Uingereza akitokea Unguja. Daktari alikuwa amempiga marufuku chai ya jioni kwa sababu ya kukosa usingizi, na nyote mnajua kuwa kumkataza mzee wa mwambao chai ya jioni ni karibu sawa na kumkataza kuamkia watu. Nikaingia dukani, nikazunguka, nikarudi na pakiti ya majani mekundu yanayoitwa rooibos. Nikayachemsha pamoja na mdalasini, iliki na kipande cha tangawizi. Bi mkubwa akainyanyua gilasi, akaitazama rangi yake dirishani, akasema: "Mwanangu, hii si chai ya mkandaa hii?" Akaonja. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza suala ambalo siku ile sikuwa na jibu lake: "Na wenyewe ni nani?"

Kwa wasomaji wasiotoka pwani, mkandaa ni mmoja katika miti ya mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu, na kwetu chai isiyotiwa maziwa imepewa jina hilo kwa wekundu wake. Bi mkubwa hakukosea sana, basi, maana hata jina la rooibos limetokana na rangi. Ni neno la Kiafrikana, na maana yake ni kichaka chekundu. Ila kichaka chenyewe si chekundu hata kidogo. Ni cha kijani, chenye majani membamba kama sindano na maua madogo ya manjano yanayochanua majira ya kuchipua ya huko kusini, kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba. Wataalamu wanakiita Aspalathus linearis, nacho ni katika ukoo wa kunde na mbaazi. Rangi nyekundu huja baadaye, kwa kazi ya mikono ya watu.

Kwao ni milima ya Cederberg na vitongoji vyake, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya Cape Town, karibu na miji midogo ya Clanwilliam, Citrusdal na Nieuwoudtville. Nchi ile ina mchanga mtupu, wenye asidi na usio na rutuba, mvua zake hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi chake ni kikali. Kichaka hiki kimezoea taabu hiyo. Kinashusha mzizi mmoja mkuu chini sana kufuata unyevu, na kama jamaa zake wa kunde kina vinundu mizizini vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kujilisha. Wakulima hupanda mbegu kwenye vitalu mnamo Februari na Machi, huhamishia miche shambani mvua zikishika, na huvuna mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Shamba hudumu miaka michache tu, halafu hupumzishwa.

Mavuno huwa katikati ya kiangazi. Matawi hukatwa kwa mundu, hufungwa mizigo, kisha hukatwakatwa vipande vidogo vya milimita chache. Zamani kazi hii ilifanywa kwa shoka na nyundo za mbao. Majani yakishapondeka hunyunyiziwa maji na kurundikwa uwanjani usiku kucha. Ndani ya lundo lile hupata joto, hutoka jasho, na hapo ndipo kijani hugeuka wekundu wa matofali na harufu tamu huanza kunukia. Asubuhi hutandazwa juani yakauke. Hayana kafeini, na tanini yake ni kidogo, ndiyo maana unaweza kuyaacha jikoni yachemke muda mrefu na chai isiwe chungu. Wenyeji hunywa kwa maziwa na sukari, au kwa ndimu.

Wenzetu wenye bustani huku ughaibuni wataniuliza kama inapandika. Kwa urembo, ndiyo. Mbegu ina ganda gumu, lazima ikwaruzwe kwa msasa kwanza. Itie kwenye mchanga wenye asidi, usiipe samadi wala mbolea nyingi, usimwagilie kupita kiasi, na mzizi wake usiuchokoze. Iweke mahali penye jua, na uikinge na theluji. Lakini usitarajie kujaza birika. Kilimo chake cha biashara hakijashika mahali pengine popote nje ya kona ile ya Afrika Kusini.

Sasa turudi kwenye suala la bi mkubwa.

Kabla Mzungu hajakanyaga Rasi ya Tumaini Jema, nchi ile ilikuwa ya Wasan, ambao walikuwa wawindaji na waokotaji, na ya Wakhoikhoi, wafugaji wa ng'ombe na kondoo. Wajukuu wao wanasema kuwa wao ndio walioujua mmea huu na kuwafundisha wageni. Lakini ukitafuta maandishi utakuta ugomvi. Matangazo mengi ya chai hii husema kwamba mtaalamu wa mimea wa Kiswidi, Carl Thunberg, aliwaona wenyeji wakiinywa mwaka 1772. Ni kweli Thunberg alisafiri huko na akaandika juu ya kichaka kinachofanywa chai, ila mmea alioutaja ni ndugu wa rooibos, si rooibos yenyewe. Wapo waliotumia jambo hilo kusema kuwa madai ya Wasan na Wakhoikhoi hayana ushahidi.

Mimi nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka bibi yetu, aliyekuwa akijua majani ya homa, ya tumbo na ya mtoto anayelia usiku, na hakuandika hata mstari mmoja. Mtu akija leo na kusema kuwa bibi hakujua kitu kwa sababu hakuna kitabu, tutamjibu nini? Walioandika juu ya Rasi walikuwa wageni. Waliyoyajua wenyeji yalibaki vinywani, na wenye vinywa hivyo walinyang'anywa ardhi, wakauawa kwa bunduki na kwa ndui, na waliobaki wakafanywa vibarua mashambani.

Biashara yenyewe ilianza mwaka 1904, pale Benjamin Ginsberg, Myahudi aliyehamia kutoka Urusi na ambaye ukoo wake ulikuwa na uzoefu wa chai, alipoanza kununua majani kwa watu wa milimani waliokuwa wakiyachuma porini na kuyauza mjini. Wakati huo hakuna aliyejua kuipanda. Mbegu zilikuwa adimu, kwa kuwa kila ganda lina mbegu moja ndogo, likiiva hupasuka na kuirusha mbali.

Miaka ya 1930 daktari wa Clanwilliam, Pieter Le Fras Nortier, akishirikiana na mkulima Oloff Bergh, alianza kufanya majaribio. Inasimuliwa kuwa aliwaahidi wanakijiji paundi 5 kwa kila kisanduku cha kiberiti kitakacholetwa kimejaa mbegu. Mwanamke mmoja mwenyeji akawa analeta nyingi kuliko wote, tena kila mara. Alipoulizwa siri yake alieleza kuwa aliwaona sisimizi wakiburura mbegu, akawafuata hadi shimoni mwao, akachimbua na kukuta ghala. Kwa mbegu hizo daktari akagundua kuwa lazima ganda likwaruzwe ndipo liote, na kilimo kikaanza. Baadaye bei ya ratili moja ya mbegu ilipanda hadi paundi 80. Daktari Nortier alitunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Stellenbosch mwaka 1948. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na sina kinyongo na pete yake. Ila chanda kilichochimbua shimo la sisimizi hata jina lake halikuhifadhiwa.

Vita vya pili vya dunia vilipozuia chai ya Asia, rooibos ilipata soko kubwa, na vita vilipokwisha bei ikaporomoka. Wakulima wakaunda ushirika mwaka 1948, na mwaka 1954 serikali ikaweka bodi ya kusimamia ununuzi wote, iliyodumu hadi 1993. Miaka hiyo ndiyo miaka ya ubaguzi wa rangi. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa Makaburu, na wajukuu wa Wakhoikhoi na wa watumwa waliwekwa katika kundi la machotara, wakabaki na vipande vya milimani kama Wupperthal, kijiji cha wamisionari kilichoanzishwa mwaka 1830 ambako watumwa wengi walikimbilia baada ya kuachwa huru mwaka 1838. Hadi leo sehemu kubwa kabisa ya mashamba ni ya wakulima wazungu. Wadogo wamejitahidi kupitia vyama vya ushirika, kama kile cha Heiveld karibu na Nieuwoudtville, kinachouza chai yake nje moja kwa moja. Wupperthal nayo iliteketea vibaya kwa moto wa Desemba 2018, nyumba kwa makumi, na watu wakaanza upya.

Kuna kisa kingine kitakachotugusa sisi tulio nje. Mwaka 1994 neno "rooibos" lilisajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni moja, na baadaye alama hiyo ikaingia mikononi mwa kampuni ya Kimarekani. Wauzaji chai wa huko wakawa wanapokea barua za kuwataka waache kulitumia jina la mmea. Kesi ilivuta miaka, na mwaka 2005 ndipo alama ile ilipoachiwa. Kama jambo hili linakupigia kengele, hukukosea: mwaka huo huo wa 1994 kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno yetu "Hakuna Matata" kwa ajili ya fulana, ikakubaliwa mwaka 2003, na mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini kulalamika. Maneno tunayompa mgeni anapouliza hali yanaweza kuwa mali ya mtu aliyekuwa na karani na muhuri.

Afrika Kusini ilijifunza. Sheria yake ya bayoanuwai ya mwaka 2004 inataka anayefaidika na ujuzi wa jadi wa mmea akubaliane na wenye ujuzi. Mwaka 2010 Baraza la Wasan likaiandikia serikali kudai haki juu ya rooibos, na Wakhoikhoi wakaungana nao. Mwaka 2014 uchunguzi wa serikali ukasema hakuna ushahidi wa kupinga dai lao. Majadiliano yalichukua karibu miaka kumi, na mzee Andries Steenkamp, aliyekuwa kiongozi wa Wasan, alifariki mwaka 2016 kabla ya kuyaona matunda. Mapatano yalizinduliwa tarehe 1 Novemba 2019: asilimia 1.5 ya bei anayolipwa mkulima hutozwa kwa wasindikaji na kugawanywa kati ya Wasan na Wakhoikhoi. Mwaka 2022 walipokea malipo ya kwanza, zaidi ya randi milioni 12. Na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliisajili rooibos kuwa jina la mahali pake, kwa hiyo huko hairuhusiwi kuuza kitu kwa jina hilo kama hakikutoka Cederberg na jirani zake.

Ukiigawa asilimia moja na nusu kwa maelfu ya watu utapata kidogo, na ardhi haijarudi. Wapo wanaosema ni sadaka tu iliyopewa jina la haki. Mimi nasema kiasi ni kidogo, lakini jambo lenyewe si dogo. Kwa mara ya kwanza sekta nzima ya biashara imekubali kwa maandishi kuwa aliyejua bila kuandika naye alijua.

Bi mkubwa alirudi Unguja na pakiti nne kwenye sanduku lake. Safari hii nilipompigia simu nilimsomea niliyoyaandika hapa, kuanzia milima hadi sisimizi. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza: "Na yule mwanamke wa sisimizi, zile paundi tano zake alilipwa?"

Nikamwambia wasimulizi hawakufika hapo. Akasema, "Basi hapo ndipo ungeanzia wewe."