Atomu Moja na Siasa ya Madini

Historia ya vichocheo huandikwa na wanakemia. Mimi naisoma pia kama historia ya mamlaka juu ya madini.

Mwaka 1839 William Grove wa Uingereza alikutanisha hidrojeni na oksijeni kwenye platini, akapata umeme. Tangu hapo platini, ambayo sehemu yake kubwa huchimbwa Afrika Kusini, imetawala kazi hiyo. Hata hivyo, ni atomu za juu tu zinazochochea; za ndani hukaa bure.

Mwaka 1964 Raymond Jasinski alionyesha kwamba atomu ya kobalti iliyozungukwa na naitrojeni nayo huchochea oksijeni. Mwaka huohuo Pierre Hohenberg na Walter Kohn waliweka msingi wa kukokotoa nishati ya maada kutokana na msongamano wa elektroni zake. Kwa msingi huo, mwaka 2004 Jens Nørskov na wenzake walieleza kwa nini platini huzishinda metali nyingine: haiishiki oksijeni kwa nguvu mno, wala haiiachii upesi mno. Mwaka 2011 Zhang Tao na wenzake, China, walitawanya platini atomu mojamoja juu ya oksidi ya chuma.

Leo kompyuta huchuja chuma, nikeli na kobalti kabla maabara haijagusa chochote. Lengo ni kupunguza platini, hata kuiacha. Basi nchi zetu zinapojadili mikataba ya migodi, zijadili pia bajeti ya idara za fizikia na kemia. Thamani ya madini yetu inaamuliwa na wanaoyakokotoa, nasi hatumo miongoni mwao vya kutosha.