Mulika mwizi: historia fupi ya ruhusa za programu kwenye simu za Android

Leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumze historia. Kila mwenye simu ya Android amewahi kuona kile kidirisha kinachouliza kama programu fulani iruhusiwe kusoma orodha ya majina, kutumia kamera au kujua mahali ulipo. Wengi hubonyeza "Ruhusu" bila kusoma na kuendelea na shughuli zao. Kidirisha hicho hakikuwepo tangu mwanzo. Kimekuja baada ya miaka ya mvutano, na sura moja nzito ya mvutano huo ilitokea hapa hapa Kenya.

Hoja yangu ni moja, na niiseme mapema: kitufe cha kukataa hakimsaidii sana mtu ambaye hali yake haimruhusu kukataa. Twende pole pole mtaona ninakoelekea.

Kila programu na chumba chake

Kampuni ya Android ilianzishwa Palo Alto, Marekani, mwaka 2003, ikanunuliwa na Google mwaka 2005. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa ilikuwa T-Mobile G1, iliyotengenezwa na HTC, na ilitoka Oktoba 2008.

Wahandisi waliijenga Android juu ya Linux. Sasa, Linux imerithi mawazo ya Unix, ya zama ambapo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi. Kazi kubwa ya mfumo ilikuwa kumzuia mtumiaji mmoja asichungulie mafaili ya mwenzake. Lakini programu uliyoifungua wewe mwenyewe ilikuwa na uwezo wote ulio nao wewe. Ndivyo zilivyokuwa kompyuta zetu nyingi za mezani kwa miaka: ukisakinisha mchezo wa karata, mchezo huo unaweza kusoma barua zako zote.

Android walifanya jambo la busara hapa. Walichukua ule ukuta wa kutenganisha watu wakautumia kutenganisha programu. Kila programu inayosakinishwa hupewa namba yake ya utambulisho, kana kwamba ni mtumiaji tofauti. Fikiria ploti ya vyumba vya kupanga: kila mpangaji ana ufunguo wake, na hawezi kuingia kwa jirani. Akitaka kitu kilicho nje ya chumba chake, kwa mfano kamera, SMS au orodha ya majina, lazima apitie kwa msimamizi wa ploti. Maombi hayo huandikwa na mtengenezaji katika faili linaloitwa AndroidManifest.xml. Msingi huo ulikuwa imara, na upo mpaka leo.

Swali lilikuwa hili: mwenye simu aulizwe lini?

Kubali yote au uende zako

Kuanzia 2008 hadi 2015 jibu la Google lilikuwa: aulizwe mara moja tu, wakati wa kusakinisha. Ulionyeshwa orodha ya kila kitu ambacho programu inataka, na chini yake kitufe kimoja cha kukubali. Hukuweza kusema "kamera sawa, majina hapana". Ulikubali yote au ulikosa programu.

Tukumbuke pia ni nani waliokuwa wakiulizwa. Kwetu Android iliingia kwa kishindo mwaka 2011, Safaricom walipouza Huawei Ideos kwa bei isiyofika shilingi 10,000. Kwa watu wengi ile ndiyo ilikuwa kompyuta yao ya kwanza. Mtu ametoka dukani na simu mpya, anataka kuijaribu, halafu anawekewa orodha ndefu ya maneno ya kihandisi. Angefanya nini?

Na tatizo halikuwa la wageni wa teknolojia peke yao. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti kuhusu watumiaji wa Android. Waligundua kwamba asilimia 17 tu waliangalia ruhusa wakati wa kusakinisha, na asilimia 3 tu ya waliojibu maswali ya mtandaoni waliweza kueleza sawasawa maana ya ruhusa walizoulizwa. Mwezi Septemba mwaka huo huo Apple walitoa iOS 6, ambayo ilimwuliza mtumiaji pale pale programu inapotaka kusoma orodha ya majina. Android walibaki na orodha yao.

Tochi

Hapa nataka tusimame kidogo. Mnakumbuka zile simu ndogo zenye tochi kichwani, tulizoziita mulika mwizi? Simu za Android za mwanzo hazikuja na kitufe cha kuwasha tochi. Taa ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kamera. Kwa hiyo watu walipakua programu za tochi, na programu hizo zilikuwa na sababu halali ya kuomba ruhusa ya kamera, kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwepo ya kuifikia taa.

Mojawapo iliitwa Brightest Flashlight Free. Ilipakuliwa mara makumi ya mamilioni. Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba programu hiyo ilikuwa ikituma mahali alipo mtumiaji pamoja na namba ya utambulisho wa simu kwa watu wengine, yakiwemo mashirika ya matangazo. Jambo baya zaidi ni kwamba ilimwonyesha mtumiaji vitufe vya kukubali au kukataa masharti, ilhali data ilikuwa imeshaanza kutumwa kabla hajabonyeza chochote. Yaani mulika mwizi yenyewe ndiyo ilikuwa na mkono mrefu! Kampuni iliamriwa ifute data iliyokusanya na iwaeleze watu ukweli. Hakukuwa na faini.

Angalieni dawa ilitoka wapi. Mwaka 2014 Android 5.0 ilileta kitufe cha tochi ndani ya mfumo wenyewe. Mwaka uliofuata, Android 6.0 ikawapa watengenezaji njia ya kuwasha taa bila kuomba ruhusa ya kamera. Kwa hiyo tochi iliyoomba kamera ikakosa kisingizio.

Mlango uliofunguliwa ukafungwa

Julai 2013 Android 4.3 ilitoka na kitu kilichofichwa ndani, kinachoitwa App Ops. Hakikuwa kwenye menyu, lakini wajuzi walikipata. Kiliwezesha mtumiaji kuzima ruhusa moja moja: acha ramani ijue nilipo, lakini mchezo huu usijue. Wengi tulifurahi. Desemba mwaka huo toleo 4.4.2 likakiondoa. Shirika la kutetea haki za mtandaoni, EFF, lilipouliza, Google walijibu kwamba kilikuwa cha majaribio, kilitoka kwa bahati mbaya, na kingeweza kuharibu baadhi ya programu.

Kiufundi jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Sisi watengenezaji tulikuwa tumeandika programu tukijua kwamba ruhusa ikishatolewa haiondoki. Ukiiondoa ghafla, programu inaweza kuanguka. Lakini hebu tazama ni nani aliyebeba mzigo: ili programu isianguke, mwenye simu alinyimwa ufunguo wa nyumba yake.

2015: swali likahama

Oktoba 2015 Android 6.0 iliweka ruhusa nyeti, kama kamera, kipaza sauti, mahali, majina na SMS, ziulizwe wakati programu inapozihitaji. Na ukishakubali unaweza kwenda kwenye mipangilio ukaondoa.

Mambo mawili hayakusemwa sana wakati ule. La kwanza, mtengenezaji aliyeendelea kulenga matoleo ya zamani aliweza kubaki na utaratibu wa zamani, ruhusa zote zikitolewa wakati wa kusakinisha. Mwanya huo ulidumu hadi mwaka 2018, duka la Google Play lilipoanza kulazimisha programu mpya na masasisho kulenga matoleo ya karibuni. La pili, ruhusa ya kutumia intaneti hutolewa kimya kimya, bila kuulizwa. Programu ikishasoma jambo, simu haikuulizi kama iruhusiwe kulituma nje.

Matoleo yaliyofuata yaliongeza kufuli moja moja. Android 10 ya mwaka 2019 ilileta ruhusa ya mahali wakati programu inatumika tu. Android 11 ya 2020 ilileta ruhusa ya mara moja, na ikaanza kuziondolea ruhusa programu ambazo hujazifungua kwa miezi. Android 12 ya 2021 ilileta alama ya kijani kona ya skrini kamera au kipaza sauti kinapotumika, pamoja na dashibodi inayoonyesha nani alitumia nini saa ngapi. Android 13 ya 2022 ikawataka wenye programu waombe ruhusa hata ya kutuma arifa.

Ukiishia hapo unaweza kudhani historia hii ni ya ushindi mtupu. Turudi nyumbani.

Mikopo ya simu

M-Pesa ilianza Machi 2007. Kila muamala unaleta SMS: nani ametuma, kiasi gani, saa ngapi, na salio limebaki ngapi. Kwa hiyo nchini Kenya ruhusa ya kusoma SMS ilikuwa sawa na kumpa mtu daftari lako la benki. Walioligundua hilo mapema ni watoaji wa mikopo. Kuanzia mwaka 2014 na 2015, kampuni kama Tala na Branch zilianza kutumia data iliyo kwenye simu kupima kama mtu asiye na akaunti ya benki anaweza kukopeshwa. Wazo lenyewe liliwafaa wengi waliofungiwa milango na mabenki.

Nyuma yao likaja kundi kubwa la programu za mikopo, na baadhi zilikuwa na nia nyingine na orodha ya majina. Ukichelewa kulipa, simu zilianza kupigwa kwa bosi wako, mama mkwe, mchungaji, hata fundi aliyewahi kukutengenezea pikipiki. Wote wanaambiwa wewe ni mdaiwa. Watu waliaibishwa mbele ya jamaa zao kwa deni la shilingi elfu mbili.

Sasa jiulize: kidirisha cha ruhusa kilikuwepo? Ndiyo, kilikuwepo. Mkopaji aliulizwa, naye akabonyeza "Ruhusu". Lakini mtu mwenye mtoto mgonjwa usiku, akiambiwa bila majina hakuna mkopo, atabonyeza tu. Na hata kama amekubali kwa moyo mweupe, yale majina mia tatu si yake peke yake. Simu imemwuliza mmoja, waliotolewa ni mia tatu, na hao mia tatu hawakuulizwa na yeyote. Hakuna toleo la Android lililokuwa na dawa ya hilo.

Sheria ikaingia

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipita Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili benki hiyo itoe leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali. Kanuni za Machi 2022 zikakataza waziwazi mkopeshaji kuingia kwenye orodha ya majina ya mteja ili kuwatumia watu ujumbe kuhusu deni lake.

Google nao wakasogea. Tangu mwaka 2019 walibana ruhusa za SMS na rekodi za simu dukani kwao. Mwaka 2023 wakaanza kudai leseni kutoka kwa programu za mikopo za Kenya, na kuanzia tarehe 31 Mei mwaka huo wakazikataza programu za mikopo binafsi duniani kote kuomba majina, picha na mahali halisi alipo mtumiaji. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba walizopata kwa watu wengine kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho.

Ona tofauti. Kanuni hizo hazikumwongezea mkopaji kitufe kingine. Zilimwondolea mkopeshaji haki ya kuuliza. Ni kama ile tochi: kisingizio kilipoondolewa, swali nalo likaondoka.

Kilichobaki mikononi mwetu

Kanuni za duka haziwafikii wanaotumiwa faili la programu kwa WhatsApp au Bluetooth. Mkopo unaokuja kwa njia hiyo, uukimbie. Kwa hizo nyingine, fungua Mipangilio, nenda sehemu ya faragha, tafuta kidhibiti cha ruhusa. (Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya Samsung, Tecno na nyinginezo.) Anza na mbili tu: orodha ya majina na SMS. Utaona kila programu iliyoruhusiwa. Ile usiyoelewa inataka majina kwa kazi gani, iondolee ruhusa. Ikigoma kufanya kazi, itakuambia, na utaamua.

Na kwa wenzangu mnaoandika programu: kabla ya kuongeza mstari mwingine kwenye lile faili la AndroidManifest.xml, fikirieni wale mia tatu. Haya, kazi kwenu.